TONE LA DAMU YA KITOVU

Mtoto akizaliwa, jambo la kwanza tunalongoja sote ni kilio chake. Akilia, bibi hupiga vigelegele. Asipolia, maneno huanza: mama alivunja mwiko, au jirani ana kijicho. Leo tuzungumze juu ya tone moja la damu liwezalo kutupunguzia maneno ya namna hiyo, maana huonyesha yaliyompata mtoto kabla hajatoka tumboni.

Mtoto aliye tumboni havuti pumzi. Oksijeni huipata kwa mama yake, kwa njia ya kondo la nyuma na kamba ya kitovu. Ndani ya kamba hiyo kwa kawaida mna mishipa mitatu. Mmoja mpana humletea damu yenye oksijeni; miwili myembamba huirudisha damu iliyokwisha kutumika.

Kila uchungu unapokaza, oksijeni hupungua kidogo. Ukilegea, huongezeka tena. Kwa kawaida mtoto hustahimili. Lakini uchungu ukiwa mzito mno, au kamba ikibanwa, oksijeni haitoshi. Hapo mwili wake hulazimika kutumia sukari pasipo oksijeni, na hicho kibakicho huitwa lakteti. Si kitu kigeni kwetu. Ni jamaa ya ule uchachu wa maziwa ya mgando, ambao Carl Wilhelm Scheele, mtaalamu wa dawa aliyefanya kazi Uswidi, aliugundua mwaka 1780. Jina lake latoka katika neno la Kilatini lenye maana ya maziwa. Hata mtu apandaye mlima mbio, lakteti humzidi damuni.

Kuipima si kazi kubwa. Mkunga hubana kamba ya kitovu mahali pawili, akavuta damu kidogo kwa sindano katika kipande kilicho katikati. Hupendelea mshipa mwembamba, kwa sababu damu yake yatoka kwa mtoto mwenyewe. Mtoto hachomwi wala haumii. Tone hutiwa katika kipimo kidogo cha mkononi, kama kile wapimiwacho wanariadha, na jibu huonekana upesi. Damu isikawizwe, kwani chembe zake huendelea kutoa lakteti hata ndani ya sindano, na hesabu ikawa ya uongo.

Pengine msomaji atauliza: je, macho ya mkunga hayatoshi? Tangu mwaka 1953 wakunga wamepata alama za Daktari Virginia Apgar wa Marekani. Hutazama rangi ya mtoto, mapigo ya moyo, pumzi, nguvu za viungo, na jinsi aitikavyo akiguswa. Alama hizo zafaa sana, lakini hazisemi sababu. Mtoto aweza kulegea kwa kuwa hakutimiza miezi, au ana ugonjwa, au dawa aliyopewa mama imemfikia. Lakteti ikiwa kidogo, daktari hutafuta sababu penginepo. Ikiwa nyingi, hufahamu kwamba huenda mtoto alipungukiwa na oksijeni, naye humwangalia kwa makini zaidi.

Hata hivyo tusizidishe sifa za kipimo hiki. Hakiponyi mtu. Tena lakteti nyingi si hukumu, maana watoto wengi wa namna hiyo hupona na kukua vizuri. Wala mtoto asiyepumua hangojei hesabu. Katika dakika ile ya kwanza mkunga humkausha, humsugua mgongo na, ikihitajiwa, humpa pumzi kwa mfuko na kifuniko cha uso. Kazi hiyo yawezekana hata katika kituo kidogo kisicho na kipimo cha lakteti.

Basi tushike fundisho la tone hilo. Mtoto aliyezaliwa bila kulia hakurogwa, na mama yake hastahili kunyoshewa kidole. Mara nyingi ni oksijeni iliyopungua, nayo ikipungua hakuna wakati wa kupoteza. Kwa hiyo baba aweke nauli tayari tangu mwezi wa nane, na uchungu ukianza mama apelekwe kituoni mapema. Nao wazee nyumbani, wakitaka kujua sababu, wamwulize mkunga kabla ya kumwendea mpiga ramli.