Surua, mkia wa virusi na sumaku ambayo Kivu haina

Mwaka wa 2019 macho ya dunia yalikuwa Beni, Butembo na Mangina juu ya Ebola. Mlipuko ule, toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, uliua watu 2 287. Lakini wakati ule ule surua ilikuwa inazunguka karibu inchi yote. Kufikia mwanzo wa 2020, wagonjwa waliozaniwa kuwa na surua walikuwa karibu 310 000, na waliokufa walikuwa wamepita 6 000, wengi wao watoto. Surua haikupata hata nusu ya makelele ya Ebola.

Wazazi wengi hawajui kwamba virusi hii ya surua imekuwa pia mwalimu mkubwa. Kupitia kwayo, wachunguzi wa Grenoble na Marseille, kule Ufaransa, walijifunza mengi juu ya protini zisizo na umbo. Ulizo ni hili: vijana wa iniversite za Bukavu, Goma, Bunia ao Butembo wanaweza kujifunza kazi ile, ao wataendelea tu kuhesabu wagonjwa?

Shuleni tunafundishwa kwamba protini iko kama ufunguo: umbo lake ndilo linaipa kazi. Ni kweli kwa protini nyingi, lakini si kwa zote. Virusi ya surua inabeba habari zake kwenye uzi mmoja wa RNA, wenye herufi karibu 15 900. Uzi ule unafunikwa na protini inayoitwa N, nyingi nyingi zimepangana kama punje za muhindi. Kila N iko na asidi amino 525. Zile 400 za kwanza zimekunjwa vizuri na zinashika uzi. Zile 125 za mwisho zinaning'inia inje kama mkia, hazina umbo, zinatikisika saa zote. Ni mkia huo unaoshika protini ingine, P, mwenzake katika kazi ya kunakili virusi. Wakati wa kushika, kipande kidogo cha mkia kinajikunja kama springi.

Sasa utapiga namna gani picha ya kitu kisichotulia? Njia ya kristali inataka protini itulie. Hapo ndipo inaingia RMN, ndugu ya ile IRM ya hospitali. Kiini cha atomu ya hidrojeni kinakuwa kama kisumaku kidogo. Ukikitia ndani ya sumaku kali sana na kukipigia mawimbi ya redio, kinajibu, na jibu lake linabadilika kidogo kufuatana na majirani wake. Msikilizaji wa FM anajua namba za 88 mpaka 108 MHz. Mashine ya kawaida ya RMN inaongea na hidrojeni kwa 600 MHz. Ni redio kweli, ila stesheni ni atomu.

Mwanafunzi anaanza na karatasi ya madoa: karibu kila asidi amino inatoa doa moja. Kwa protini iliyokunjwa, madoa yanatawanyika. Kwa isiyo na umbo yanasongamana katikati kama watu sokoni Kadutu siku ya Krismasi, na hapo wengi wanakata tamaa. Dawa yake ni kulisha bakteria inayotengeneza protini azoti 15 na kaboni 13, kisha kupima kwa pande tatu ao zaidi, ili madoa yaachane. Kutikisika kwenyewe kunasaidia pia. Mwaka wa 2011 timu ya Grenoble ilionyesha mkia wa N ungali kwenye ganda zima la virusi: ganda ni zito, sauti yake inapotea, lakini mkia unasikika.

Kuna wanaosema kompyuta imemaliza kazi hii, juu Nobel ya kemia ya 2024 ilitoka kwa sehemu kwa programu ya AlphaFold. Wanaharakisha. Kwa sehemu zisizo na umbo, programu ile yenyewe inaonyesha kwamba haina uhakika.

Kizuizi ni mashine. Sumaku ya namna ile inauzwa dola laki nyingi, mara zingine mamilioni, na inakaa ndani ya heliamu ya maji kwenye baridi ya digri 269 chini ya sifuri. Heliamu ikiisha, sumaku inazima. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025. Wazia kuleta heliamu wakati kama ule.

Lakini kungojea sumaku ndiko kosa. Sehemu kubwa ya ufundi huu ni kusoma madoa, na kusoma kunafanyika kwenye kompyuta. Benki ya vipimo inayoitwa BMRB iko wazi kwa wote, bila kulipa. Programu kama NMRPipe zinatolewa bure kwa masomo. Mwanafunzi anaweza kuchukua vipimo vya kaboni, akavilinganisha na vile vya mnyororo usio na umbo kabisa, na kuona wapi mnyororo unaanza kujikunja. Anayefika Afrika Kusini ao Ulaya akiwa anajua hayo hatapoteza mwaka wa kwanza kwa kujifunza alfabeti.

Hiyo haiondoi chanjo. Ipo toka 1963, dozi mbili zinalinda vizuri, na mpaka leo hakuna dawa iliyotoka kwenye mkia wa N. Mtoto akishikwa na surua, waganga wanampa vitamini A na kutunza matatizo yanayofuata, basi.

Vinavyokosekana hapa kwetu ni mwalimu mmoja anayejua madoa, saa chache kwenye programu ya kemia, na forfait ya interneti. Kompyuta ya giga 8 inatosha kuanza na madoa ya pande mbili. Kuiga mwendo wa mkia wote ndiko kunataka mashine kubwa zaidi.