Sungura mweupe hana kosa, na mama wa mtoto pia hana

Ukishuka matatu pale Runyenjes siku ya Jumamosi ukienda kuwaona wazee, huenda ukakuta nyuma ya nyumba ya jirani kizimba cha mbao kilichoezekwa mabati, na ndani yake sungura weupe pe, macho mekundu. Sungura wa namna hiyo aghalabu ni wa jamii ya New Zealand White ambao, licha ya jina lao, walizalishwa kwanza Marekani. Watoto huwalisha majani ya viazi vitamu, mzee huuza mmoja mmoja karo inapodaiwa, na hakuna mtu anayewaogopa. Je, ndugu msomaji, wajua kwamba sungura hao ni albino?

Naam, albino kamili. Melanini ndiyo rangi inayotia weusi ngozi, nywele na mboni ya jicho. Sungura hawa huzaliwa na hitilafu katika jeni inayouelekeza mwili kuitengeneza, basi hawana hata chembe. Ule wekundu wa macho ni damu iliyomo ndani ya jicho, ambayo huonekana kwa sababu hakuna rangi ya kuificha.

Si kila mnyama aitwaye mweupe ni albino, lakini. Vifaru weupe waliouawa na majangili katika Mbuga ya Meru mwaka 1988 weupe wao ulikuwa wa jina tu. Ngozi yao ni ya kijivu. Nao twiga weupe wa Ishaqbini, kule Garissa, walikuwa na macho meusi, ishara kwamba hali yao ni nyingine. Jike na ndama wake walikutwa wameuawa mwaka 2020. Mnyama mweupe porini huonekana kutoka mbali, na wa kwanza kumwona si lazima awe mtalii.

Nirudi kizimbani, maana huko ndiko kuna jambo lililonifanya nishike kalamu. Mpandishe sungura mweupe na wa kahawia asiye na damu ya weupe: watoto wote watakuwa na rangi. Wapandishe watoto hao wenyewe kwa wenyewe na, kwa wastani, mmoja kati ya wanne atatoka mweupe. Wafugaji wa Embu na Meru wanalijua hili hata bila kusoma biolojia. Jeni hiyo ilikuwa imejificha kwa baba na kwa mama, na ni lazima itoke kwa wote wawili ndipo mtoto awe albino.

Kwa binadamu hesabu ni ile ile. Wazazi wawili weusi tititi, kila mmoja akiwa ameibeba jeni hiyo bila kujua, wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye ualbino katika kila mimba. Na bado tunasikia mwanamume akimwambia mkewe, akiwa angali kitandani mwa wadi ya uzazi, "Huyu si wangu." Mtoto analelewa na nyanya, mama anarudishwa kwao. Sijaona mfugaji aliyemfukuza sungura jike kwa sababu alizaa mweupe. Bwana, mtoto huyo asingekuwa na ualbino kama wewe pia hukumpa jeni hiyo!

Jambo moja tusilichanganye. Ualbino unaoonekana zaidi miongoni mwa Waafrika hutokana na jeni tofauti na ile ya sungura, na humwachia mtu rangi kidogo. Ndiyo maana mtoto huwa na nywele za manjano na macho ya kahawia hafifu au ya kijivu. Usingoje macho mekundu ndipo uamini.

Mtazame pia sungura yule akutazamapo: huyumbisha kichwa huku na huku, akijaribu kupima umbali, kwa kuwa macho yake ni dhaifu. Mtoto naye macho humchezacheza na mwanga humuumiza. Asiposoma ubaoni, mwalimu humwita mzito. Mketishe mbele, mbali na mwanga wa dirisha. Mumbi Ngugi, mwenye ualbino, aliteuliwa jaji wa Mahakama Kuu mwaka 2011. Huyo si mtu mzito.

Sasa jua. Ikweta hupita karibu tu na mji wa Meru, na miji yote miwili, Meru na Embu, iko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, ambako miale ya jua huchoma zaidi kuliko pwani hata kama wewe unahisi baridi. Ukungu wa Julai usikudanganye, mawingu mepesi huipitisha. Ngozi isiyo na kinga hubabuka, huota madoa, na baada ya miaka huweza kuingia saratani, hasa usoni, masikioni na shingoni. Kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa si cha kupakwa majivu. Kipeleke hospitali kikiwa kidogo, kingali kinaweza kukatwa kikaisha.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 9,729 wenye ualbino. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapa mafuta ya kujikinga na jua bila malipo. Muulizie mtoto hospitali ya kaunti, na kama yamekwisha, uliza tena. Wewe wa Nairobi unayekwenda nyumbani wikendi hii, kizimba cha sungura kimeezekwa. Mpelekee mtoto wa jirani shati la mikono mirefu na kofia yenye ukingo mpana pande zote. Kepi haifai, inaacha masikio wazi.