Kicheko cha Lafudhi na Kicheko cha Ikulu

Wapo wanaolalamika kwamba wachekeshaji wetu, jukwaani na redioni, huchochea ukabila kwa kuigiza lafudhi za makabila. Lalamiko hilo si la kupuuzwa, hasa baada ya maafa ya mwaka 2007 na 2008. Hata hivyo, linachanganya mambo mawili: sauti ya mtu, na dhambi anayobebeshwa kwa sababu ya sauti hiyo.

Mzee Ojwang', aliyefariki mwaka 2015, jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau. Alikuwa Mkikuyu, lakini katika Vitimbi alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo kwa miaka mingi, na nchi nzima ikampenda. Kwa nini? Kwa sababu kasoro za Ojwang' zilikuwa za Ojwang'. Alikuwa mume na mzee wa nyumba, na kila mtazamaji alimwona ndani yake mjomba wake mwenyewe, awe wa Siaya au wa Nyeri.

Kinyume chake ni mchekeshaji anayetaka makofi ya haraka. Kwake Mkikuyu lazima awe mwizi, Mkamba mchawi, Mluhya mlafi. Hapo hapana ufundi wowote. Hadhira inarudishiwa chuki iliyokuja nayo. Tena vichekesho hivyo huingia darasani Jumatatu asubuhi, ambapo mtoto anayechanganya 'r' na 'l' huchekwa hadi akaacha kuinua mkono. Mwanasiasa naye hustarehe, kwani wananchi wakichekana wao kwa wao, hakuna anayemwuliza habari za fedha za umma.

Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, vijana wa Redykyulass waliotoka Chuo Kikuu cha Kenyatta, walishika njia iliyo ngumu zaidi. Walimwigiza Rais Moi, sauti na rungu, angali Ikulu. Hawakuwacheka Wakalenjin, walimcheka mtu mmoja mwenye mamlaka, katika nchi ambayo miaka michache nyuma watu walitiwa kizuizini kwa makosa madogo kuliko hayo. Waliozoea kunong'ona walicheka kwa sauti sebuleni mwao.

Kiarie alichaguliwa Mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017, na kwa hiyo akaingia katika orodha ya wale ambao wachekeshaji wana haki ya kuwaigiza.