Anayetoka Al-Shabaab atambuliwe na sheria

Aprili 2015, siku chache baada ya kundi la kigaidi la Al-Shabaab kuua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, Waziri wa Usalama wa Ndani wa Kenya, Joseph Nkaissery, aliwapa vijana waliojiunga na kundi hilo siku 10 wajisalimishe, wapate msamaha. Baadaye muda ukaongezwa. Nia ilikuwa njema, ila Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inahesabu uanachama wa kundi la kigaidi kuwa kosa, na kosa lililowekwa na Bunge haliondoki kwa tamko la waziri. Mzazi wa Ukunda aliyetaka kumrejesha mwanawe angefika kituo cha polisi mikono mitupu, bila hata karatasi ya kumwonyesha mkuu wa kituo (OCS). Haishangazi kwamba wengi waliorudi Pwani walijificha, wakiwaogopa wenzao wa zamani kama walivyowaogopa polisi.

Hofu hiyo inamfaa adui. Utafiti wa UNDP wa mwaka 2017 uliwahoji watu waliojiunga kwa hiari na makundi ya aina hii barani Afrika. Asilimia 71 walisema kilichowasukuma mwishowe ni kitendo cha serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Kwa hiyo misako ya polisi kama ile ya mtaa wa Eastleigh, Nairobi, mwaka 2014, maelfu wakikusanywa na wengi kupelekwa uwanja wa Kasarani, ina gharama isiyoonekana kwenye taarifa za polisi: inaweza kumsukuma kijana mwingine ajiunge, na jirani anayejua jambo anaamua kunyamaza.

Wapo watakaosema kuwapokea kisheria wanaorudi ni kuwabembeleza wauaji, na familia za Garissa zina kila haki ya kuuliza hivyo. Lakini aliyeua ashtakiwe. Tunayemzungumzia ni aliyeshawishiwa kwa ahadi ya kazi, akatoroka kabla ya kumwaga damu. Na akiwa jasusi? Basi ni heri awe anahojiwa na kufuatiliwa kwa amri ya mahakama kuliko azurure bila kujulikana. Mkakati wa kitaifa wa 2016 wa kukabiliana na itikadi kali na mipango ya kaunti za Kwale, Mombasa na Lamu iliyoufuata inazungumzia urekebishaji kwa maneno mazuri, lakini hakimu hahukumu kwa mkakati. Bunge liirekebishe sheria ya 2012 iseme nani anampokea anayejisalimisha, faili lake limfikie Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ndani ya siku ngapi, na nani atawajibika mtu huyo akitoweka akiwa mikononi mwa serikali.