Kipa Tuliyemzika Mapema

Juma Kaseja alipokuja kudakia Kagera Sugar, pale Kaitaba wengi tulinong’ona kwamba amekwisha. Tulisahau mwaka 2003, alipokuwa langoni Simba ilipowatoa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, kwa penalti kule Cairo. Septemba 2019 Taifa Stars ikamrudia: sare ya 1-1 na Burundi, kisha penalti 3-0, Warundi hawakufunga hata moja. (Nami nilishangilia, kwa aibu kidogo.)

Hapa Muleba, katekista akiota mvi hutafutiwa mrithi upesi, hata kama ndiye aliyewafundisha sala wanaomhukumu. Jumamosi halmashauri ya walei itaniletea jina la mmoja wao. Sitatia sahihi.