Mwani wa kina kirefu usiwaache akina mama ufukweni

Tangu kilimo cha mwani kianze Zanzibar mwaka 1989, wakulima wa Pemba, wengi wao wanawake, wamekuwa wakifunga kamba kwenye vigingi katika maji mafupi. Siku hizi maji hayo hupata moto mno wakati wa kaskazi. Kotonii, mwani wenye bei nzuri kuliko spinosamu, hugeuka mweupe na kukatika.

Dawa ipo: kamba zinazoelea kwa maboya katika kina kirefu, penye maji ya baridi zaidi. Samaki wadogo nao hupata maficho.

Lakini kina kirefu kinataka chombo na kujua kuogelea. Mkopo usiohesabu mashua na mafunzo utamnufaisha mwenye chombo tu. Wahusika walione hilo mapema.