Haki ya Mtoto, Jasho la Mama

Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi mara nyingi hana budi kutolewa mkojo kwa mpira kila baada ya saa 3 au 4, la sivyo figo zake zaweza kuharibika. Hesabu hiyo ndiyo siku nzima ya mama. Alfajiri humtoa mkojo, humwosha, hukagua miguu isiyohisi maumivu isije ikawa na vidonda, kisha humbeba hadi shuleni. Kabla ya adhuhuri hurudi tena na mpira, kwa kuwa shuleni hakuna aliyefundishwa kazi hiyo. Na mwenye kichwa kikubwa pia akianza kutapika na kusinzia, hukimbizwa hospitali: huenda mrija wa kuondoa maji kichwani umeziba.

Mama huyu atalima saa ngapi? Atauza nini sokoni?

Tanzania ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Huruma twaisifu, lakini haiwezi kushika nafasi ya haki. Twadai mipira itolewe bure katika zahanati, na shuleni awepo mtu mzima aliyefunzwa kuitumia. Nao akina baba wajifunze. Mikono yao yaiweza kazi hii.